Gari linatoa mlio wa "sss" njiani: jinsi ya kujua chanzo chake, na lini usimame

Chuma kikigonga chuma, kila mtu ndani ya gari husikia na dereva husimama. Mlio wa "sss" ni tofauti. Unafanana na upepo wa dirishani, na redio ikiwa juu hausikiki kabisa. Lakini karibu kila mara mlio huo una maana moja kati ya mbili: kuna kitu kilichofungiwa kwa nguvu ambacho sasa kimepata tundu la kutokea, au kuna hewa inayonyonywa mahali isipotakiwa kupita. Kitu hicho kinaweza kuwa upepo wa tairi, maji ya moto ya injini, moshi, gesi ya kiyoyozi au nguvu inayosaidia breki.

Kwetu mkoani Rukwa jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya nchi ilivyo. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko kwenye mita 770 hivi. Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, liko kwenye mita 800 hivi. Kwa hiyo anayekwenda Kasanga, Kirando au Kipili, na anayekwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, wote wanateremka karibu mita 1,000. Wakirudi na samaki au mpunga wanapanda mita hizohizo wakiwa na mzigo. Kuteremka kunazijaribu breki, na kupanda kunaijaribu injini. Mlio mdogo ambao kwenye tambarare ungekuruhusu kufika gereji, kwenye mteremko unaweza kukuacha pabaya.

Makala hii inaeleza namna ya kuutambua mlio wa "sss" kwa masikio yako mwenyewe, bila mashine ya kupimia. Inaeleza pia ni upi unaoweza kusubiri hadi ufike kwa fundi na ni upi unaokutaka usimame hapohapo.

Maswali manne kabla ya kufungua boneti

Kosa linalopoteza fedha nyingi ni kuanza kufungua vitu kabla ya kusikiliza. Zima redio, zima kiyoyozi na feni ya ndani, fungua kioo kidogo, kisha jiulize maswali haya manne.

Swali la kwanza: je, mlio unafuata mwendo wa magurudumu? Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na gari nyuma yako, achia mafuta taratibu. Kama "sss" inapungua kasi pamoja na gari, tena inakuja kwa vipande kama "tss, tss, tss" kila gurudumu linapozunguka, anza na matairi.

Swali la pili: je, unafuata injini? Simama mahali salama, vuta handibreki, toa gia, kisha kanyaga mafuta kidogo kidogo. Kama mlio unapanda na kushuka pamoja na injini ilhali gari limesimama, tatizo haliko kwenye matairi. Liko kwenye mipira ya hewa, bomba la moshi, turbo au mkanda wa feni.

Swali la tatu: je, unafuata pedali ya breki? Kama "sss" inaanza ukikanyaga breki na kuisha ukiachia, au kinyume chake, mtuhumiwa wa kwanza ni busta ya breki.

Swali la nne: je, unaendelea baada ya kuzima injini? Ukizima na bado unasikia "sss" kutoka mbele, hasa kukiwa na mvuke au harufu tamutamu, mfumo wa maji ya injini unavuja au umechemka. Ukiusikia karibu na ardhi, rudi kwenye matairi.

Ukishajua mlio unafuata nini, unaweza kutafuta tundu lenyewe. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hivi. Weka ncha moja karibu na sikio, na ncha ya pili uipitishe polepole kwenye eneo unalolishuku. Mlio utaongezeka ghafla ukifika penye tundu. Kama injini inanguruma, kaa mbali na feni na mikanda, na usivae kitenge, skafu au koti lenye mikono mipana. Feni za umeme kwenye magari mengi ya siku hizi zinaweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Tairi: mlio unaozunguka na gurudumu

Msumari au kipande cha waya kikiingia kwenye tairi lisilo na tyubu, upepo hautoki wote mara moja. Kitu kilichochoma kinabaki pale na kuziba tundu kwa kiasi, na upepo unatoka kidogo kidogo. Hapo ndipo unapousikia mlio kila gurudumu likizunguka.

Dalili nyingine ni gari kuvuta upande mmoja na usukani kuwa mzito. Punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa ghafla, toka barabarani kabisa, weka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari, kisha kagua. Kama huoni msumari, mwagia tairi maji yenye sabuni. Mahali penye tundu patatoa mapovu. Usisahau pale upepo unapoingizwa: tema mate kidogo au weka tone la maji ya sabuni juu yake, na kama kuna kipovu kinachokua, ndicho kinachovuja. Kagua pia ukingo ambapo tairi linakutana na rimu. Rimu iliyopinda kwa kugonga shimo huvujisha upepo hata kama tairi ni jipya.

Ukiona msumari na tairi bado lina upepo, usiung'oe pale njiani isipokuwa una tairi la akiba au vifaa vya kuziba. Ukiung'oa, upepo uliokuwa unatoka polepole utatoka wote.

Kiasi cha upepo kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kiwango cha gari likiwa tupu na kingine likiwa na mzigo. Anayepakia magunia ya mahindi Laela au Mpui kwa kiwango cha gari tupu anayachosha matairi, na tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali hadi kupasuka.

Maji ya injini: hapa simama mara moja

Kama mlio unatoka mbele, sindano ya joto imepanda na kuna mvuke, gari linachemsha. Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito zaidi huku juu, fikiria sufuria ya maharage. Aliyewahi kupika pwani na kupika Sumbawanga anajua kwamba huku maharage yanachelewa kuiva. Sababu ni kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na maji huchemka kabla hayajawa moto sana. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Sasa tazama injini. Magari mengi yana thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88, na injini iliyopata joto lake hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Maana yake ni kwamba, kama maji ya rejeta yangekuwa wazi kama maji ya sufuria, huku kwetu yangekuwa yamebakiza nyuzi nne au tano tu yachemke. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo una springi inayoyazuia maji kwa nguvu. Juu yake mara nyingi kuna namba kama 0.9 au 1.1, na namba hiyo ndiyo kipimo cha nguvu inayozuiwa. Mfuniko mzima wenye namba 0.9 unayafanya maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110, hata huku juu. Mfuniko uliochoka hauzuii kitu. Maji yanachemka mapema, yanatoka kwa "sss", na injini inabaki kavu wakati gari ndilo kwanza linaupanda mlima.

Ndiyo maana gari linaweza kutembea mjini Sumbawanga wiki nzima bila shida, kisha likachemka siku linapopanda kutoka Kasanga au Muze likiwa na mzigo. Kabla ya kununua rejeta mpya, mwambie fundi akague mfuniko. Ni kifaa cha bei ndogo. Hakikisha mpya una namba ileile ya wa zamani, na mpira wake wa ndani uwe laini, usiwe na nyufa.

Likianza kuchemsha njiani, fanya hivi. Zima kiyoyozi. Washa hita ya ndani kwa joto la mwisho na feni yake kwa kasi ya mwisho, hata kama mtatoka jasho, kwa sababu hita inachukua joto kutoka kwenye maji ya injini. Tafuta mahali pa kusimama haraka. Ukiona mvuke unatoka, zima injini papo hapo. Kama hakuna mvuke na sindano imepanda tu, simama uiache injini ingurume bila gia kwa dakika moja au mbili uone kama itashuka. Isiposhuka, zima.

Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto. Maji yaliyo ndani yana joto kupita la maji yanayochemka jikoni. Ukiondoa mfuniko yanalipuka kuwa mvuke kwa mara moja na kukuunguza uso, shingo na mikono. Subiri nusu saa au zaidi. Kipimo chepesi ni mpira mkubwa wa juu wa rejeta: kama huwezi kuushika mkononi bila kuungua, bado. Ukishapoa, weka kitambaa kizito juu ya mfuniko, geuza uso wako pembeni, zungusha kidogo hadi usikie "sss" ya mwisho ikiisha, ndipo ufungue.

Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto iliyokauka. Chuma cha moto kikipata maji baridi ghafla kinaweza kupasuka au kupinda, na hapo mfuniko wa bei ndogo unakuwa kazi ya kufungua injini nzima. Injini ikishapoa, washa, kisha ongeza maji taratibu. Maji safi ya kunywa yanafaa kukufikisha kwa fundi. Maji ya mto yenye tope yaache, isipokuwa huna njia nyingine, kwa sababu tope huziba vijia vyembamba vya rejeta. Ukifika, mwaga na uweke kulanti inayofaa, maana huzuia kutu.

Jambo moja la kukumbuka: usiiamini sindano peke yake. Maji yakiisha kabisa, kipima joto kinabaki kinagusa mvuke badala ya maji, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Sindano iliyokuwa juu ikishuka ghafla bila sababu si habari njema.

Kama umebadilisha mfuniko na mipira haivuji lakini maji yanaendelea kupungua, mwombe fundi akague gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyoisha ndani ya rejeta injini ikiwa imewashwa, mipira kuwa migumu mapema sana baada ya kuwasha, moshi mweupe usioisha hata jua likishapanda, au oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona dalili hizi usiendelee na safari.

Na kuhusu desturi ya kung'oa thamostati ili "gari lisichemshe": huku kwetu penye baridi, gari lisilo nayo huchelewa kupata joto lake, hula mafuta mengi na injini huchakaa mapema. Zaidi ya hayo, kuing'oa hakuzibi tundu linalovujisha maji.

Breki: "sss" ya chini ya mguu

Ukikanyaga breki na kusikia pumzi fupi mara moja, hiyo kwa magari mengi ni kawaida. Lakini mlio unaoendelea muda wote mguu ukiwa kwenye pedali, pamoja na pedali kuwa ngumu kuliko zamani, unaonyesha kwamba busta inavuja.

Busta ni lile duara la bati lililo mbele ya dereva, ndani ya boneti. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo hewa imenyonywa na injini. Upande wa pili, ukikanyaga breki, hewa ya nje inaingia na kukisukuma. Hewa hiyo ndiyo inayoukamilisha mguu wako. Kwenye gari la petroli hewa hunyonywa na injini yenyewe, na kwenye gari la dizeli kuna pampu maalumu ya kuinyonya.

Hapa pia mwinuko wetu unahusika. Ukifunga vizuri chupa tupu ya plastiki mjini Sumbawanga ukashuka nayo hadi Kasanga, utaikuta imebonyea. Imebonyezwa na hewa ya kando ya ziwa, ambayo ni nzito kuliko ya juu. Busta inategemea uzito huohuo wa hewa. Kwenye mita 1,800 hewa inasukuma kwa nguvu pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Busta nzima inamudu bila wasiwasi. Busta inayovuja, ambayo pwani ingemsaidia dereva kidogo, huku juu inamsaidia kidogo zaidi, na hapa juu ndipo mteremko unapoanzia.

Jaribio la busta halihitaji chombo chochote. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga kwa nguvu ya kawaida, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo yenyewe. Isipozama, busta au mpira wake haufanyi kazi. Jaribio la pili: injini ikinguruma, kanyaga breki uishikilie, zima injini, uendelee kuishikilia kwa sekunde 30. Pedali ikikusukuma kurudi juu, kuna mahali panapovuja. Mara nyingine tatizo ni mpira mmoja tu uliopasuka kati ya injini na busta, au kifaa kidogo kilicho juu yake kinachozuia hewa kurudi. Fundi aanze na hivyo.

Kuna tofauti ambayo kila dereva anapaswa kuijua. Pedali ngumu maana yake msaada umepotea, lakini breki zipo: kanyaga kwa nguvu zako zote, rudisha gia ndogo, simama. Pedali inayozama hadi chini maana yake mafuta ya breki yanavuja au yamechemka: pampu pedali haraka, rudisha gia moja baada ya nyingine, na uvute handibreki taratibu, si kwa mkupuo. Hali zote mbili zinamaliza safari hadi fundi aone.

Na hapa tunalisema wazi jambo ambalo baadhi ya madereva hulifanya ili kuokoa mafuta: kuzima injini au kutoa gia wakati wa kuteremka. Ukizima injini, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja, mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa jiwe. Kwenye magari mengi usukani nao unakuwa mzito. Ukitoa gia, injini haisaidii tena kulizuia gari, na breki peke yake zinabeba uzito wote hadi zipate moto na kushindwa kushika. Teremka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo. Ukisikia harufu ya kuungua kutoka magurudumuni, simama zipoe. Usizimwagie maji.

Malori na mabasi yenye breki za upepo

Kwenye Fuso kubwa, malori ya mahindi na mabasi yenye breki za upepo, "sss" fupi ni ya kawaida: dereva akiachia breki, akivuta breki ya kuegesha, au mitungi ikijaa na kifaa cha kukausha hewa kikapumua. Mlio usio wa kawaida ni ule usiokatika. Jaza mitungi, zima injini, tazama geji. Mshale ukishuka huku ukiuona kwa macho, kuna uvujaji. Upepo ukipungua sana, breki za springi kwenye malori mengi hujifunga zenyewe na gari hugoma, wakati mwingine katikati ya kona. Usiteremke na buza ya upepo ikilia.

Mipira ya hewa na turbo

Kwenye gari la petroli, "sss" inayosikika zaidi injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, pamoja na mngurumo usiotulia, mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka au kuchomoka. Injini inanyonya hewa ambayo haijahesabiwa. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza kuwaka. Gari linaweza kuendeshwa taratibu hadi kwa fundi, ila kwanza fanya lile jaribio la breki, kwa sababu mpira uliopasuka unaweza kuwa wa busta. Kama ufa uko kwenye mpira ambao hewa iliyokwisha kuchujwa inapitia, vumbi la barabara ya changarawe linaingia moja kwa moja ndani ya injini, hivyo usichelewe.

Kwenye gari la dizeli lenye turbo, mlio unaokuja unapokanyaga mafuta kupanda mlima, pamoja na gari kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi, unaonyesha mpira mkubwa wa turbo umepasuka au klipu yake imelegea. Mara nyingi ni kazi ya kukaza au kubadilisha mpira mmoja.

Moshi: hatari isiyo na harufu

Mlio wa "pss, pss, pss" unaokwenda na injini, unaosikika zaidi asubuhi gari likiwa la baridi kisha unapungua, mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi au kwenye kiungo cha bomba. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba tundu kwa kiasi, ndiyo maana mlio unapungua. Tundu halijapona.

Watu huuchukulia mlio huu kama kero ya sauti tu. Lakini moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapowafanya watu wafunge vioo vyote, gesi inayovuja mbele au chini ya gari inaweza kuingia ndani na kubaki humo. Kama abiria wawili au watatu wanalalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, simamisha gari, wote watoke nje wapate hewa, na aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya. Usiwashe gari kulipasha moto ndani ya banda lililofungwa.

Kama pamoja na "sss" kuna harufu kali ya petroli, zima injini, watu washuke na wakae mbali, na asiwepo wa kuvuta sigara. Moto ukizuka, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya dharura ya polisi ni 112.

Milio isiyo na shida

Si kila "sss" ni ugonjwa. Ukifungua mfuniko wa tangi la mafuta ukasikia pumzi, hasa baada ya kupanda au kushuka mlima, hiyo ni hewa inayojisawazisha. Kiyoyozi kinapowaka au kuzimwa, gesi yake hupita kwa mlio mfupi; tatizo ni pale mlio unapoendelea na baridi imepungua, maana gesi inaisha. Maji yanayodondoka chini ya gari kiyoyozi kikifanya kazi nayo ni ya kawaida, kama ni maji meupe yasiyo na harufu. Lami iliyolowa na lami mpya yenye kokoto hufanya matairi yalie. Barabara ikibadilika, mlio hubadilika. Na kama "sss" inaanza ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa bila kujali gia, bandika gundi ya karatasi juu ya mianya ya mlango mmoja mmoja. Ukibandika mlango fulani mlio ukaisha, ni mpira wa mlango umechoka.

Simu yako ni msaada kwa fundi

Mara nyingi gari hulia njiani na kunyamaza likifika gereji. Kwa hiyo mwombe aliyekaa pembeni, si dereva, arekodi mlio kwa sekunde 30 akiwa karibu na unapotokea. Kisha ataje kwenye rekodi hiyohiyo mambo manne: gari lilikuwa kwenye mwendo gani, lilikuwa linapanda au linashuka, lina mzigo au tupu, na mlio unafuata nini kati ya gurudumu, injini na breki. Fundi aliye Sumbawanga akitumiwa rekodi hiyo na mtu aliyekwama Matai au Namanyere anaweza kusema kama gari liletwe au aje na spea.

Wengi wetu hatumiliki magari, lakini tunapanda Hiace na Noah kila gulio. Abiria aliyekaa juu ya gurudumu mara nyingi husikia kabla ya dereva. Mwambie: "Ndugu dereva, huku nyuma kuna mlio, tusimame tuangalie." Kama kuna mvuke, harufu ya kuungua au dereva anaonekana kupigana na pedali, una haki ya kutaka ushuke kabla mteremko haujaanza.

Kabla hujateremka

Kwa anayeelekea ziwani au bondeni, ukaguzi huu huchukua dakika zisizozidi kumi, injini ikiwa ya baridi:

– Tazama maji kwenye rejeta na kwenye kitangi chake, pamoja na mpira wa mfuniko.
– Tazama kiwango cha mafuta ya breki.
– Fanya jaribio la busta: kanyaga, shikilia, washa, iache izame.
– Pima upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, kulingana na mzigo.
– Washa injini, zima redio, sikiliza kwa dakika moja.

Ukisikia "sss" wakati huo, bado uko karibu na fundi, maji na watu. Ukiusikia baada ya kona ya tatu ya mteremko, una breki zako tu.